Wikiendi ya kijana wa Mtwara: yasemwayo na ukweli wake

Kijana wa Mtwara anayekimbia Jumamosi alfajiri, akashinda kwenye kibanda cha gemu mchana, kisha jioni akatoka na mwenzake kwenda kupunga upepo Shangani, hakosi wa kumsema. Mengi husemwa kwa nia njema, lakini baadhi hayana msingi na mengine yanaweza kumdhuru.

Huambiwa kwanza kwamba kukimbia wikiendi tu ni kujichosha bure. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate kwa wiki walau dakika 150 za mazoezi ya wastani au dakika 75 za mazoezi makali, wala halikuweka sharti la kuyafanya kila siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofuatilia watu zaidi ya 63,000 wa England na Scotland, ulionesha kuwa waliokusanya mazoezi yao katika siku moja au mbili walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa takribani asilimia 30, wakilinganishwa na wasiofanya mazoezi kabisa. Kwa hiyo anayekimbia kutoka mjini hadi Mikindani, umbali wa kilomita kama kumi, Jumamosi na tena Jumapili, ametimiza kiwango chake, ingawa anayeanza leo asithubutu kuanza na umbali huo.

Dhana ya hatari zaidi ni ile ya kuvaa koti zito au kujifunga nailoni tumboni ili jasho litoe mafuta. Kazi ya jasho ni kupoza mwili, nao hupoa pale jasho linapokauka. Katika joto na unyevu wa pwani yetu, hasa msimu wa kaskazi, jasho hukauka kwa shida hata kwa aliyevaa fulana nyepesi. Anayeongeza koti juu yake anaufungia mwili joto, na kizunguzungu, kichefuchefu au kuchanganyikiwa ni dalili za kusimama mara moja, kukaa kivulini na kumwagiwa maji. Uzito unaopungua siku hiyo ni maji, na hurudi mtu akishakunywa. Mafuta yanayochomwa mwilini hutoka kwa sehemu kubwa kwa njia ya pumzi, yakiwa hewa ya ukaa. Dafu nalo husifiwa kwamba hurudisha chumvi yote iliyopotea, ilhali jasho hutoa zaidi sodiamu na dafu lina zaidi potasiamu. Mihogo ya kuchemsha iliyotiwa chumvi ingemsaidia zaidi kwa hilo. Kubugia maji kupita kiasi ni hatari vilevile, kwa kuwa huishusha sodiamu katika damu.

Kuhusu dai kwamba kukimbia humaliza magoti, uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2017 ulikuta ugonjwa wa kulika kwa viungo vya nyonga na magoti kwa asilimia 3.5 ya wakimbiaji wa kawaida, na kwa asilimia 10.2 ya watu wasiokimbia.

Mchezaji wa gemu huitwa teja kirahisi mno. Shirika hilohilo la afya liliingiza tatizo la gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, lakini kipimo chake si idadi ya saa. Mtu awe ameshindwa kujizuia, ameitanguliza gemu mbele ya mambo mengine na anaendelea licha ya madhara, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu walau miezi 12. Kushinda kibandani Jumamosi moja hakufikii hapo.

Inabaki supu ya pweza, ambayo vijana wengi huinywa kabla ya mtoko kwa imani kwamba huongeza nguvu za kiume. Pweza ana protini nyingi na mafuta kidogo, na supu yake ni tamu, lakini ushahidi wa kuaminika wa nguvu hizo haupo. Usingizi ndio ungestahili sifa hiyo: utafiti mdogo wa Chuo Kikuu cha Chicago wa mwaka 2011, uliohusisha vijana 10 wa kiume, ulionesha kwamba kulala saa tano kila usiku kwa wiki moja kulipunguza homoni ya testosteroni ya mchana kwa asilimia 10 hadi 15. Anayekesha kwenye gemu usiku baada ya usiku hawezi kuifidia kwa bakuli la supu.