Ufuasi wa masharti ya sukari ni nini?

Kliniki za sukari zina neno moja lisilokauka: masharti. Punguza wali, acha soda, tembea, pungua uzito. Kule kuyashika masharti hayo siku baada ya siku ndiko wahudumu wa afya hukuita ufuasi, neno ambalo wengi walilisikia kwanza kwenye dawa za ARV. Ila kidonge unakimeza na maji, umemaliza. Masharti ya kisukari aina ya pili yanaingia jikoni na mfukoni, na ndiyo maana ufuasi wake hautoki sawa kwa kijana na mzee, kwa mke na mume, kwa mwenye nacho na asiye nacho.

Kwenye umri, wengi tungebashiri kinyume, kwamba mzee habadiliki. Utafiti wa Marekani uitwao Diabetes Prevention Program, uliochapishwa mwaka 2002, ulihusu watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Waliopangiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hatari yao ilishuka kwa asilimia 58; waliopewa metformini, kidonge cha kushusha sukari, asilimia 31. Kwa wenye miaka 60 na kuendelea, masharti yaleyale yalishusha hatari kwa asilimia 71. Wazee ndio walioyashika zaidi. Mimi sishangai sana: mstaafu asubuhi ni yake, dereva wa bodaboda asubuhi ni ya abiria.

Jinsia ina fumbo lake. Mama ndiye mpishi, basi inadhaniwa kwake ni rahisi. Lakini sufuria ni moja. Watoto wanataka wali, baba anataka ugali wa kushiba, na mkaa wa kupikia mara mbili haupo. Mama atakula kilichopikwa. Baba naye mchana yuko kwa mama ntilie, ambako sahani huja na mlima wa wali na mchicha wa kulamba.

Halafu kuna macho ya watu. Ile asilimia 7, kwa mwenye kilo 90, ni kilo 6 na ushei. Zikimtoka, daktari anampongeza. Mtaani wanaulizana anaumwa nini. Wapo wanaorudia chapati ili maneno yaishe, na kwenye faili inaandikwa tu: mgonjwa hafuati masharti.