Msinihesabie Maiti

Wiki hii nimeulizwa tena, na safari hii aliyeuliza si mwandishi mchanga: nimwongezee shujaa wangu mapigano mangapi ili aonekane mwanamke mwenye nguvu? Usimwongezee hata moja. Binti wa watu ameshakata vichwa vya wanyonya damu kabla sura ya pili haijaisha, amemtolea maneno makali kila aliyekutana naye, na mimi mhariri bado sijui anaogopa nini, nani anamdai, wala kodi ya chumba chake inalipwaje.

Nahariri fantasia ya mjini, yaani visa vya uchawi na viumbe vya ajabu katika miji ya leo, na jirani yake, riwaya za mapenzi ya wabadili-umbo, watu wanaojigeuza wanyama. Tofauti yao naipitia mbio kwa sababu wengi mnaijua. Katika ya kwanza tunamfuata mhusika mmoja kitabu baada ya kitabu, aghalabu akisimulia mwenyewe, na mapenzi yanaweza kusuasua hadi kitabu cha nne. Katika ya pili kila kitabu huwa na wapenzi wake na sharti wafike salama. Ukiyatoa mapenzi na kisa kikabaki kimesimama, uko kwenye ya kwanza. Mpaka wenyewe unavuja, tusigombane.

Ninachogombania ni imani kwamba nguvu ya shujaa wa kike ni ngumi na ulimi. Mchukueni Mercy Thompson, aliyeletwa na mwandishi Patricia Briggs mwaka 2006 katika riwaya yake Moon Called. Ni fundi wa magari. Hujigeuza koyote, mnyama mdogo kuliko mbwa mwitu, na amezungukwa na watu-mbwa mwitu ambao wakimtia mikononi habari yake imekwisha. Ana kwa ana hawawezi, na mwandishi halifichi hilo. Sasa anaponea wapi? Kwa kujua nani ana deni la nani, kwa pua yake, kwa ukaidi, kwa kutambua saa ya kutimua mbio. Ile tofauti ya misuli ndiyo inayotufanya tufungue ukurasa unaofuata. Mpe uwezo wa kumshinda kila mtu nami nitafunga kitabu nikalale, maana nitahofia nini?

Kwa hiyo nikipokea muswada naangalia jambo moja: huyu mwanamke anaweza kukataa nini, na akikataa atalipa nini. Mengine yote, koti la ngozi, upanga, chale, ni mapambo. Nayapenda, lakini ni mapambo.

Hapo ndipo tunapokutana na yule bwana alfa, dume linalotawala kundi, na hapa mnivumilie.

Kila muswada wa wabadili-umbo una dume linalonguruma, linaloamuru, na mwandishi akibanwa hujibu, “Ndivyo mbwa mwitu walivyo.” Sivyo. Sehemu kubwa ya picha hiyo inatokana na mtafiti Rudolf Schenkel, ambaye mwaka 1947 alichapisha uchunguzi wake wa mbwa mwitu waliofugwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Mtafiti mwingine wa mbwa mwitu, L. David Mech, akaieneza zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1970. Huyo huyo Mech, baada ya kuwatazama mbwa mwitu porini, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Kwa hiyo alfa wako mwenye kifua wazi, kibayolojia, ni mzee mwenye nyumba anayewaambia wanawe waache kelele.

Nikisema haya, wapo wanaokimbilia upande wa pili na kudai basi alfa afutwe kabisa. Polepole. Kundi la riwaya zetu si familia ya porini. Ni watu wazima wasio na undugu, wamebanwa katika mji mmoja na siri moja, hawawezi kuhama bila ruhusa. Hao wanafanana zaidi na wale wa Basel! Ubabe wao ni dalili ya kufungiwa. Mwandishi akilijua hilo, shujaa wake anapata kazi kubwa kuliko kumpiga alfa: anaweza kuuliza nani aliyefunga mlango na kwa faida ya nani. Waandishi wachache mno wanalitumia, na inaniuma.

Kuhusu risasi za fedha zinazowaua watu-mbwa mwitu na mwezi mpevu unaowageuza sina mengi. Sinema za Hollywood za miaka ya 1940 zimechangia sana kuyakaza mambo hayo vichwani mwetu, kwa hiyo yabadilisheni mpendavyo. Msiyabadilishe katikati ya kitabu tu.

Kinachonisumbua kweli ni kile kifungo cha kudra: dume linanusa mara moja, linajua huyu ndiye mwenzi wake wa maisha, na mwili wa mwanamke unakubali kabla ya akili. Huwashauri waandishi wakitenganishe na uamuzi wa mwanamke. Kifungo kimwoneshe mwenzi wake ni nani, kisimwamulie afanye nini, na iwepo njia ya kuondoka ambayo haimuui. Ikiwa akikataa anakufa, au dume linakufa na lawama zinamwangukia yeye, hapo hakuna uchumba, kuna utekaji wenye mishumaa.

Ushauri mzuri, na huutoa kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Lakini baadhi ya sura nilizozisoma kwa pupa kuliko zote zinauvunja waziwazi. Mwanamke hana pa kwenda, dume halijauliza kitu, nami nimekaa macho hadi alfajiri nikitaka wapatane. Huenda raha inatoka kwenye kujua kwamba mwandishi hatamwacha aumie, hivyo hofu yote ni ya kuchezea. Huenda najitetea. Sura moja ya namna hiyo ilipita mezani kwangu. Niliandika pembeni pingamizi ndefu, nikaisoma sura upya, nikaifuta pingamizi.