Tumbo linauma na chakula hakipiti: ukiwa kwenye kemo au mionzi usikae kimya

Mgonjwa aliye kwenye matibabu ya saratani, iwe kemo (dawa za kuua seli za saratani) au mionzi, akiumwa tumbo, kitu cha kwanza kinachomjia kichwani ni kwamba ugonjwa umesambaa, na kwa woga huo anashindwa hata kumwambia daktari, anakaa kimya, anapunguza kula mana kila akila tumbo linamsumbua, wiki mbili baadae anarudi kliniki nguo zinampwaya na dozi inabidi isogezwe mbele kwa sababu mwili hauna nguvu ya kuipokea. Sisi wa kitengo cha lishe tunaliona hili mara nyingi na linatuumiza sana, mana mara nyingi kinacholeta yale maumivu ni kitu kinachotibika, tena wakati mwingine kwa dawa ya bei ndogo tu. Maumivu ya tumbo yako ya aina nyingi na kila aina ina dawa yake na chakula chake, ukitumia ushauri wa jirani ambaye tatizo lake lilikuwa lingine unaweza kujiharibu zaidi.

Naanza na choo kigumu kwa sababu ndo kinachosahaulika kuliko vyote. Mtu mwenye maumivu makali anapewa morfini, ile ya maji ya kunywa, na morfini ni dawa nzuri, ukiitumia kama ulivyoelekezwa huna haja ya kuiogopa, ila inapunguza mwendo wa utumbo, choo kinakaa ndani kinakauka, tumbo linajaa na kunyonga, hamu ya kula inapotea kabisa, alafu mgonjwa anaona maumivu yameongezeka anaongeza morfini na choo kinazidi kukaza. Kichefuchefu cha morfini huwa kinaisha chenyewe baada ya siku chache, lakini kufunga choo mwili hauzoei, kwa hiyo ukiandikiwa morfini ulizia dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo, bisakodili, sena au laktulosi, usisubiri mpaka zipite siku nne hujaenda. Ondansetroni, ile dawa ya kuzuia kutapika, nayo inafunga choo na wengi hawaambiwi. Papai, maji ya kutosha na kutembea tembea hata hapo uani vinasaidia, ila kwa mtu wa morfini peke yake havitoshi. Na ikitokea choo hakitoki kabisa, hata hewa haitoki, tumbo limevimba na unatapika, hapo usinywe dawa yoyote ya kuendesha, nenda hospitali muda huo huo mana inawezekana utumbo umeziba.

Tatizo la pili ni kinyume chake. Mama anayetibiwa saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndo inaongoza kwa wanawake hapa Tanzania, anapigwa mionzi ya nyonga Jumatatu mpaka Ijumaa kwa wiki kama tano hivi, mara nyingi na kemo mara moja kwa wiki. Wiki ya kwanza anaona mbona hamna kitu, ikifika ya pili au ya tatu tumbo linaanza kukata na kuharisha kunaanza. Hii inatokea kwa sababu ngozi ya ndani ya utumbo inajijenga upya kila baada ya siku chache na mionzi inazigusa hizo seli zinazojijenga, kwa hiyo utumbo unakuwa na kidonda kwa muda, hauwezi kunyonya maji vizuri wala kuvunja sukari ya kwenye maziwa. Ndo mana mtu aliyekunywa maziwa maisha yake yote ghafla yanamletea gesi na kuharisha. Kipindi hiki weka pembeni maziwa ya kawaida (mtindi wengi wanauweza, jaribu kidogo), maharage, kabichi, mahindi ya kuchoma, matunda ya kulia na maganda, pilipili, na vyakula vyenye mafuta mengi au tui zito. Kula wali mweupe, viazi vilivyomenywa, ndizi mbivu, yai la kuchemsha lililoiva, samaki wa kuchemsha, kuku bila ngozi, supu yenye chumvi. Najua tumeimba miaka yote mbogamboga na dona na sasa nakwambia uviache, ni kwa muda tu.

Maji yanayotoka yarudishwe. Nunua ORS famasi, na kama hamna pakiti karibu chemsha lita moja ya maji, yakipoa tia sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa na chumvi nusu kijiko cha chai, unywe kidogo kidogo siku nzima. Dawa ya kufunga kuharisha muulize daktari kwanza, usinywe kama una homa au unaona damu. Ukienda mara nne zaidi ya kawaida yako ndani ya siku moja, toa taarifa siku hiyo hiyo, wala usingoje tarehe ya kliniki.

Kuna na lile tumbo la juu linaloungua, chini ya kifua, hasa ukiwa na njaa au usiku. Mara nyingi linaletwa na deksamethasoni inayotolewa pamoja na kemo, hii uimeze asubuhi baada ya kula sio usiku na tumbo tupu, na lingine linaletwa na diklofenaki na ibuprofeni ambazo watu wananunua wenyewe duka la dawa. Hapa naomba mnisikilize sana jamani, hizo dawa zinachubua tumbo na zinaweza kuleta damu, wakati kemo imeshapunguza chembe za kugandisha damu, na kwa anayepata sisplatini, moja ya dawa za kemo, figo zake zinabebeshwa mizigo miwili kwa mpigo. Maumivu yakizidi rudi kwa waliokuandikia dawa. Ukitapika damu au ukapata choo cheusi cha kunata usilale nyumbani.

Kuhusu kichefuchefu, kosa la kawaida ni kusubiri mpaka utapike ndo umeze dawa. Dawa ya kuzuia kutapika imeze kwa saa ulizopangiwa hata kama unajisikia vizuri, na kama umeambiwa umeze kabla ya chakula basi ipe nusu saa hivi kabla hujakaa kula. Harufu ya mapishi inaharibu wengi, kwa hiyo ikiwezekana mgonjwa asikae karibu na jiko la mkaa wala asipike yeye, na chakula kikiwa cha uvuguvugu kinanukia kidogo kuliko cha moto. Siku ya kemo usile kile chakula unachokipenda kuliko vyote, kwa sababu ukikitapika ubongo unakifunga na kile kichefuchefu na unaweza kukichukia muda mrefu. Kula kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, mkate mkavu, kiazi kitamu, ndizi, na maji yanywe katikati ya milo sio juu ya chakula mana yanajaza tumbo. Chai ya tangawizi nyepesi inawasaidia baadhi ya watu, ila usiitegemee badala ya dawa. Familia nazo, msimlazimishe na sahani iliyojaa, sahani kubwa inamkatisha tamaa kabla hajaonja, mpe vijiko vitano kwenye kibakuli akimaliza aongezewe.

Ladha ya chuma mdomoni jaribu kijiko cha plastiki au mwiko mdogo wa mti, na ndimu kidogo kama huna vidonda. Kama una vidonda acha ndimu, nyanya na pilipili, sukutua mara kadhaa kwa siku kwa maji ya uvuguvugu lita moja yenye chumvi kijiko cha chai na bekingi soda kijiko cha chai, usimeze.

Sasa wenye saratani ya koo la chakula. Ugonjwa huu umetushika sana ukanda wetu wa mashariki mwa Afrika na wengi wanafika wakati hata uji unapita kwa shida. Nyumbani wanafanya nini, wanaongeza maji kwenye uji mpaka unakuwa maji ya rangi, mgonjwa anakunywa vikombe vinne kwa siku na anaendelea kukonda kwa sababu ndani hamna kitu. Dawa yake bibi zetu walikuwa nayo, ni kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, mwaga maji, ufunike na kitambaa kibichi kama siku mbili mpaka uote, anika juani ukauke kabisa, saga (ukiona ukungu tupa, usionee huruma). Pika uji mzito unaokaribia ugali, utoe jikoni upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea ukoroge, ndani ya dakika chache utauona unalegea wenyewe bila kuongeza tone la maji, kwa sababu kimea kinavunja wanga. Urudishe jikoni uchemke tena kuua vijidudu. Hapo kikombe kile kile kimebeba unga mara mbili au zaidi. Ongeza siagi ya karanga, maziwa, yai lililopigwa likaiva humo humo, au unga wa dagaa uliochujwa. Na kama hata hicho hakipiti ulizia kuhusu mpira wa kulishia au stenti, kile kijibomba kinachowekwa ndani kupanua koo, usikubali kufa njaa wakati ugonjwa wenyewe bado unatibiwa.

Kiasi gani? Kwa kawaida tunalenga protini gramu 1 mpaka 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, mtu wa kilo 60 ni gramu 60 mpaka 90. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa kama 8, kwa hiyo unaona chai na andazi haikufikishi popote. Kwa mwenye tatizo la figo hesabu ni nyingine, uliza.

Na hapa ndo naingia kwenye hili la sukari inalisha kansa. Seli zote za mwili zinatumia sukari, ukijinyima wali, ugali na matunda mwili unaanza kula misuli yako na uvimbe unabaki pale pale. Juisi ya bitiruti inywe kama unaipenda lakini ujue inaweza kufanya mkojo na choo kuwa chekundu, wapo waliokimbizwa hospitali usiku kwa hofu ya damu. Majani ya mstafeli na unga wa kila aina unaouzwa kwenye magrupu ya simu, kabla hujatumia mwonyeshe daktari, kuna mimea inayogombana na kemo, na hakuna hata mmoja wa kukufanya uache matibabu.

Ramadhani tunaulizwa sana. Mgonjwa ameruhusiwa na dini yenyewe asifunge, na kukaa bila maji mchana kutwa ukiwa kwenye sisplatini ni hatari kwa figo, ongea na daktari na sheikh wako mapema.

Kila nyumba yenye mgonjwa wa kemo iwe na kipimajoto. Joto likifika 38 ni dharura, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi ambapo seli nyeupe ziko chini, na tumbo likiuma upande wa kulia chini pamoja na homa ndo usipoteze hata saa moja. Pima kwanza kabla ya kumeza panadoli mana inaficha homa. Kipindi hicho hicho kachumbari, maziwa mabichi, yai bichi na kiporo cha jana viache.

Mionzi ikiisha kuharisha huwa kunapungua ndani ya wiki chache, rudisha mboga na maharage kidogo kidogo, aina moja kwa wakati, ukiona tumbo limekubali unaongeza nyingine. Ila ukiona damu kwenye choo miezi kadhaa baadae, hata kama umeshajiona umepona, usiseme ni bawasiri ukanunua dawa ya kupaka, inawezekana ni utumbo uliopigwa mionzi unavuja au ni jambo lingine la kuchunguzwa, rudi kwenye kliniki yako ya saratani na kadi yako, waambie ulipigwa mionzi ya nyonga na mwaka gani.