Kwa nini Kwanzaa huandikwa kwa "a" mbili mwishoni?

Nilipoliona jina Kwanzaa kwa mara ya kwanza nilisadiki kabisa kwamba ni kosa la tahajia, la mtu aliyejifunza Kiswahili juujuu. Wasemaji wengi wa Kiswahili hufikiri hivyohivyo. Sivyo ilivyo. Herufi ile iliongezwa kwa makusudi, tena kwa ajili ya watoto.

Sikukuu hii ilianzishwa na mwanaharakati Maulana Karenga mjini Los Angeles, Marekani, mwaka 1966. Wamarekani weusi huiadhimisha kuanzia tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari. Jina lilikatwa kutoka kwenye "matunda ya kwanza", yaani yale tunayoyaita malimbuko.

Waanzilishi wanaeleza kwamba kwenye sherehe za mwanzo palikuwa na watoto saba, na kila mmoja alitaka kuwakilisha herufi yake ya jina. Kwanza ina herufi sita; mtoto mmoja angekosa. Ikaongezwa "a". Saba ilipatana na mengine pia: siku za sikukuu ni saba, mishumaa inayowashwa ni saba, na misingi ya sikukuu yenyewe huitwa Nguzo Saba. Hayo ni maelezo ya wenye sikukuu. Wengine husema tu kwamba herufi hiyo huitenga sikukuu na neno la kila siku.

Kinachonivutia zaidi ni kile ambacho herufi moja hufanya katika lugha yetu. Kila irabu ina silabi yake, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Fikiria foleni ambayo mzigo hubebwa daima na mtu wa pili kutoka nyuma: akija mwingine kupanga mstari, mzigo unahama. Katika "kondo" mkazo uko kwenye KO. Ongeza "o" moja, nao unahamia kwenye NDO: kondo la nyuma limekuwa kondoo. Ndivyo pia kufa kunavyotengana na kufaa. Kwa kanuni hiyo, KWAnza ikiongezwa "a" inakuwa kwaNZAa, silabi tatu kamili.

Ila Wamarekani hawaitamki hivyo. Wao husema silabi mbili, mkazo mwanzoni, na "a" ya mwisho hubaki ya kuonwa tu. Kwa hiyo Mswahili akiisikia Kwanzaa ikitajwa hasikii kosa lolote, mpaka aione imeandikwa.