Kuloweka nyama kwenye maji ya chumvi kabla ya kuitia moshi

Ni kuizamisha nyama mbichi ndani ya maji baridi yaliyoyeyushwa chumvi kwa kipimo, ikae humo saa kadhaa, ili ikifika motoni isikauke na chumvi iwe imekolea hadi kwenye mfupa. Si njia ya kuhifadhi nyama. Hapa ndipo wengi wetu Mombasa tunapochanganya, maana chumvi tuliyoizoea ni ile ya ng'onda: samaki hupasuliwa, hupakwa chumvi kavu kwa wingi na kuanikwa juani mpaka awe mkavu kabisa. Chumvi ya ng'onda kazi yake ni kutoa maji. Chumvi ya kulowekea ni kidogo mno kwa kazi hiyo, na nyama iliyolowekwa huoza kama nyama nyingine yoyote ikiachwa mezani.

Chumvi ikiingia ndani ya nyama hulegeza protini za misuli, zikafunguka na kushika maji zaidi. Kuku aliyelowekwa vizuri huongezeka uzito kwa takriban asilimia 5 hadi 10. Akipikwa atapoteza maji kama kawaida, lakini kwa kuwa alianza na akiba, na protini zenyewe hazijikamui sana, kidari chake hakiwi makapi. Moshi hupika kwa joto la chini kwa muda mrefu, kwa hiyo akiba hiyo huonekana wazi kuliko kwenye kuku wa kukaanga.

Ndiyo maana njia hii inafaa zaidi nyama isiyo na mafuta: kuku, bata mzinga, sungura. Kidari cha ng'ombe chenye mafuta hakihitaji maji. Kipake chumvi kavu, gramu 15 kwa kila kilo, kilaze kwenye friji usiku kucha, basi.

Vipimo viko vya namna mbili. Namna ya haraka ni gramu 60 za chumvi kwa kila lita ya maji. Maji haya yana chumvi kuliko nyama inavyopaswa kuwa, kwa hiyo saa ndiyo breki yako: vipande vya kuku saa 2 hadi 4, kuku mzima wa kilo 1 na nusu saa 8 hadi 12. Ukipitiliza, atakuwa na chumvi kali na nyama itateleza mdomoni.

Namna ya pili ni ya utulivu na ndiyo tunayoipendekeza kwa anayeanza. Pima nyama na maji kwa pamoja, kisha weka chumvi ya asilimia 1 na nusu ya jumla hiyo. Kuku wa kilo 1 na nusu na lita 2 za maji ni kilo 3 na nusu, kwa hiyo chumvi ni gramu 52 au 53. Mwache siku nzima. Chumvi itasambaa mpaka ndani na nje vikaribie kulingana, na hata ukichelewa saa chache hatazidi kuwa na chumvi.

Tumia mizani. Kijiko kikubwa cha chumvi laini ya pakiti kina gramu 18 hivi, lakini kijiko hichohicho cha chumvi ya mawe, ile nene inayotoka mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, kinaweza kuwa na pungufu sana kwa sababu ya nafasi kati ya punje. Ile desturi ya kupima chumvi kwa kuangalia yai likielea nayo haifai hapa: yai bichi huanza kuelea chumvi ikiwa karibu asilimia 10, na hayo ni makali mno kwa kuku wa kulala usiku. Sukari, gramu 20 hadi 30 kwa lita, hupunguza ukali wa chumvi na husaidia ngozi kupata rangi.

Maji ya kisima ya kisiwani mara nyingi yana chumvichumvi tayari, na hesabu yako itapotea kabla hujaanza. Chukua ya mfereji au ya kununua. Chombo kiwe ndoo ya plastiki ya kuwekea chakula, bakuli la glasi au sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Sufuria zetu za kawaida za alumini ziache: chumvi huzitoboa vitobo vidogovidogo na kuacha ladha ya chuma.

Kazi ngumu hapa kwetu ni ubaridi. Maji lazima yakae chini ya nyuzi 5, na jikoni Mombasa saa nane mchana ni nyuzi 30 na zaidi. Yeyusha chumvi, sukari, kitunguu saumu na pilipili manga kwenye lita 1 ya maji ya moto, yaache yapoe, kisha tia kilo 1 ya barafu. Hiyo barafu ndiyo lita yako ya pili, imo kwenye hesabu. Usiitie maji yakiwa bado yanachemka. Itayeyuka yote na maji yabaki juu ya nyuzi 5. Nyama iingie baada ya maji kuwa baridi, iwe imeyeyuka barafu yake yote, na ndoo iende friji. Stima zikipotea, zamisha chupa ya maji iliyogandishwa humo: itapoza bila kuzimua chumvi.

Usitarajie makubwa kutoka kwa viungo. Chumvi ndiyo inayopenya. Harufu ya iliki na mdalasini hubaki karibu na ngozi. Ndimu iache kabisa kwa nyama ya kulala usiku, kwani uchachu wake hugeuza uso wa nyama kuwa kama uliopikwa.

Baada ya kutoa, kausha kwa taulo za karatasi na mlaze kuku kwenye waya ndani ya friji, bila kumfunika, saa 8 au usiku mzima. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, na ndiyo inayoamua. Ngozi ikikauka hufanya utando unaonata kidogo kidoleni, na moshi hushika hapo sawasawa. Ngozi yenye maji hutoa michirizi myeusi na huwa kama mpira. Kuanika kwenye upepo wa barazani hakusaidii: hewa yetu ina unyevu, nzi wako tayari, na joto litaharibu ubaridi wote ulioulinda.

Kuni ziwe kavu, za mpera au mwembe. Mbao za rangi au zilizotiwa dawa zisiguse jiko. Weka jiko la pipa kati ya nyuzi 110 na 130, na kuku ameiva kipimajoto kikisoma nyuzi 74 katikati ya paja, bila kugusa mfupa. Wekundu mwepesi chini ya ngozi unaweza kutokana na gesi za moshi zinaposhikana na rangi ya nyama. Amini kipimajoto, si jicho.

Kuku akizidi chumvi, mtie kwenye maji baridi matupu kwa saa moja friji kabla ya moshi. Hupunguza, haiondoi yote. Kuku wa kugandishwa wa pakiti soma kwanza maandishi, kwani wengine wameshadungwa maji ya chumvi kiwandani. Maji yaliyokwisha kulowekea nyama mbichi mwaga, hayarudiwi.

Haya yote ni ya moshi wa moto, unaopika. Moshi baridi wa chini ya nyuzi 30 unahitaji chumvi yenye naitraiti (kemikali ya kuhifadhia nyama) iliyopimwa kwa gramu, kwa ajili ya kuzuia bakteria wa botulizimu, wanaotoa sumu kali, na si wa kujaribiwa jikoni kwa kukisia.

Kwa samaki, minofu ya nguru au jodari inatosha dakika 30 hadi 60 kwenye gramu 80 kwa lita. Lakini wanunue wakiwa kwenye barafu. Jodari aliyekaa juani hutengeneza histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, na hiyo haiondolewi na chumvi wala moshi wala moto.