Kabla hujalipia mtoto wa paka wa Kiajemi, waulizie wazazi wake

Swali ninaloletewa mara nyingi kuliko yote huja na picha: mtoto wa paka mwenye manyoya kama pamba, macho ya duara, na chini yake maneno, "Daktari, huyu ni Mwajemi halisi?" Picha haiwezi kulijibu hilo. Na hata ingeweza, mimi ningeanza kwingine. Ningetaka kujua figo za mama yake zikoje, baba yake amepimwa nini, na mtoto mwenyewe amelelewa katika nyumba ya namna gani tangu alipofumbua macho. Mfugaji mwenye majibu ya maswali hayo ndiye huyohuyo mwenye kumbukumbu za nasaba, kwa hiyo suala la uhalisi hujimaliza njiani.

Mimi ni daktari wa mifugo, na kazi yangu kubwa hapa Mombasa ni paka na mbwa wa nyumbani. Nazungumzia zaidi paka wa Kiajemi kwa sababu ndio wanaoletwa kwangu kuliko aina nyingine yoyote ya nasaba, na kwa sababu wana ugonjwa mmoja ambao mnunuzi ana uwezo kamili wa kuukwepa akijua la kuuliza.

Ugonjwa huo ni wa vifuko vya maji kwenye figo, na madaktari huuita PKD. Ni wa kurithi. Paka huzaliwa navyo vikiwa vidogo mno, visimsumbue kwa miaka. Anacheza, ananenepa, na huenda akazaa. Vifuko vinaendelea kukua polepole na kuila figo, mpaka siku moja, mara nyingi akiwa na umri wa miaka saba hivi, wakati mwingine mapema zaidi, mwenye paka anaona bakuli la maji linakauka haraka kuliko kawaida. Paka anakonda, anatapika, manyoya yanapoteza mng'ao. Akifika kwangu katika hali hiyo sina dawa ya kuviondoa vile vifuko. Nampa maji, namdhibiti kichefuchefu, nambadilishia chakula, nampunguzia makali. Zaidi ya hapo siwezi. Na aghalabu paka huyo ameshakuwa mtu wa nyumbani, watoto wamekua naye.

Kabla kipimo cha jeni hakijapatikana, uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa uligundua kuwa zaidi ya theluthi moja ya paka wa Kiajemi waliopimwa walikuwa nao. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, Marekani, walitambua hitilafu inayousababisha, katika jeni iitwayo PKD1. Tangu hapo kuupima ni jambo la kupitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu la paka na kukituma maabara. Maabara ya jenetiki ya mifugo ya chuo hichohicho hupokea sampuli kwa posta kutoka nje ya Marekani, na si hiyo peke yake.

Namna unavyorithiwa ndiyo inayompa mnunuzi nguvu. Mzazi mmoja tu mwenye hitilafu anatosha kuipitisha. Kijusi kinachoipokea kutoka kwa wazazi wote wawili hakiishi hadi kuzaliwa, kwa hiyo kila mgonjwa unayemwona ana nakala moja mbovu na moja nzima, naye kwa wastani huwarithisha nusu ya watoto wake. Lakini wazazi wawili waliopimwa na kukutwa safi hawazai mtoto mwenye hitilafu hiyo. Katika udaktari ni nadra kupata ugonjwa mzito unaoweza kuufungia mlango kwa karatasi mbili, moja ya mama na moja ya baba. Ziombe. Karatasi iwe na jina la maabara, jina la paka na, ikiwezekana, namba yenye tarakimu 15 ya chipu yake, ile ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi, ili ujue kwamba aliyepimwa ndiye aliyeko mbele yako. Mfugaji ambaye hajapima jeni anaweza angalau kukuonyesha majibu ya altrasaundi ya figo iliyofanywa baada ya mzazi kutimiza miezi kumi, kwani kabla ya umri huo vifuko vinaweza kuwa vidogo visionekane. Akikuambia "paka wangu wako sawa, hawajawahi kuugua," mwamini kwamba hawajaugua bado, kisha uendelee kutafuta.

Hapo watu huniletea shahada ya nasaba wakidhani inajibu kila kitu. Hiyo shahada ina kazi yake. Vyama vikubwa vinavyoandikisha paka ni CFA cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1906, GCCF cha Uingereza cha mwaka 1910, FIFe cha Ulaya cha mwaka 1949, na TICA cha mwaka 1979. Mfugaji aliyejiandikisha katika kimojawapo ana jina lake la ufugaji, na jina hilo huambatana na jina la kila paka anayezaliwa kwake. Kiandikie chama, waulize kama jina hilo lipo. Mwenye karatasi halali hatakasirika. Hapa kwetu nimeonyeshwa karatasi za paka zilizobandikwa majina ya vyama vya mbwa. East Africa Kennel Club, kwa mfano, ni chama cha mbwa, na jina lake kwenye karatasi ya paka linapaswa kukushtua.

Hata karatasi ikiwa halali, inakuambia huyu ni mtoto wa fulani na fulani, basi. Haisemi lolote kuhusu figo wala moyo. Isome hata hivyo, hasa majina ya babu na bibi. Jina lilelile likijirudia pande zote mbili, ujue ndugu wamepandishwa, na hitilafu zilizojificha ndizo zinazopenda mchezo huo. Paka wa nasaba ni ukoo mdogo tangu mwanzo. Tuna mfano hapahapa pwani: paka wa Sokoke, mwenye madoa yanayofanana na gamba la mti, ambaye Wagiriama walimjua kwa jina la kadzonzo kabla ya mtu yeyote kufikiria kumwandikisha. Wachache walichukuliwa kutoka eneo la msitu wa Arabuko-Sokoke mwishoni mwa miaka ya 1970, wakapelekwa Denmark katika miaka ya 1980, na FIFe ikawatambua rasmi mwaka 1993. Ukoo mzima uliotokana na paka wa kuhesabika ulikuwa finyu mno, na baadaye ilibidi wafugaji warudi huku pwani kutafuta paka wengine ili kuongeza damu mpya. Mfugaji mwenye akili anaijua hesabu hiyo kwa paka wake pia, na atakueleza kwa nini alimchagua dume huyu na si yule.

Sasa uso. Uso wa bapa unauzwa ghali, na mimi nawasihi watu wauache. Pua ikirudishwa ndani mno, matundu yanakuwa membamba, paka anahema kwa shida, na katika joto la pwani la mwezi Februari shida hiyo inazidi. Mfereji wa machozi unapinda, macho yanatiririka kila siku na kuacha michirizi ya kahawia inayochubua ngozi. Meno hayakutani. Kichwa kikubwa cha bapa pia kinachangia uzazi mgumu, mama akaishia kwenye kisu. Kiko kipimo rahisi unachoweza kukitumia ukiwa umekaa sakafuni kwa mfugaji: mtazame mtoto usoni moja kwa moja. Ukingo wa juu wa ile sehemu ya pua isiyo na manyoya usipande juu kupita ukingo wa chini wa jicho. GCCF wameliweka hilo katika vigezo vyao vya paka wa Kiajemi. Kisha sikiliza. Paka aliyetulia hapaswi kusikika akihema.

Nenda nyumbani kwa mfugaji. Muuzaji anayetaka mkutane kituo cha mafuta au maegesho ya duka kubwa, akitokea na katoni mkononi, mwache aende na katoni yake. Unataka kumwona mama akiwa na watoto wake, na unataka kuona mahali wanapolala. Kati ya wiki ya pili na ya saba ubongo wa paka hujifunza ni nani rafiki na ni kipi cha kuogopa. Aliyezoea mikono ya watu, sauti ya redio, watoto wakipita, mfagio ukifagia, huwa paka wa nyumbani bila taabu. Aliyekulia kwenye kizimba uani atajificha chini ya kitanda kwa miezi, na wengine hawatoki kabisa. Ukifika, chuchumaa, unyooshe kidole, usubiri. Watoto wenye malezi mazuri watakuja wenyewe kukinusa.

Ukiwa hapo, angalia ngozi. Waajemi wanashambuliwa sana na choa, fangasi inayokata manyoya na kuacha mabaka ya duara yenye magamba, hasa masikioni, puani na kwenye vidole. Nalitilia mkazo kwa sababu fangasi hiyo inaambukiza watu. Nimewahi kumtibu mtoto wa paka ambaye familia nzima ilikuwa imeshaanza kujikuna, kuanzia bibi hadi mjukuu wa mwisho, na kuisafisha nyumba ilikuwa kazi kubwa kuliko kumtibu paka, maana mbegu za fangasi hukaa kwenye mazulia na makochi kwa miezi mingi. Muulize mfugaji waziwazi kama amewahi kupata choa katika nyumba yake na alifanya nini. Wafugaji wengi wa Waajemi wamewahi kukutana nayo, na anayekueleza alivyopambana nayo ananipa imani zaidi kuliko anayeapa kwamba haijui.

Muulize pia kama kuna watoto waliomfia mwaka uliopita, na kwa ugonjwa gani. Panleukopenia, ule ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoua watoto wa paka wasiochanjwa kwa siku chache, husababishwa na kirusi kinachoweza kuishi ndani ya nyumba hadi mwaka mzima. Ndiyo maana kadi ya chanjo si pambo. Chanjo ya magonjwa matatu huanza wiki ya sita hadi ya nane, na hurudiwa kila wiki tatu au nne hadi wiki ya 16. Inarudiwa kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama huizuia chanjo isifanye kazi, na hatujui kinga hiyo itaisha wiki gani kwa mtoto yupi. Chanjo ya kichaa cha mbwa hufuata kuanzia wiki ya 12. Mtoto anayeuzwa akiwa na wiki sita, hata kama amepata sindano moja, hajakingwa, na hajamaliza kufundishwa na mama yake jinsi ya kucheza bila kuuma. GCCF wanashauri wiki 13. Mfugaji mzuri atakuambia usubiri, hata ukimwonyesha pesa.

Nitaje aina nyingine kwa ufupi. Kwa Maine Coon na Ragdoll, ulizia moyo: wanarithi ugonjwa wa kunenepa misuli ya moyo, kipimo cha jeni kipo kwa kila aina, lakini hakinasi visa vyote, hivyo wazazi wanapaswa kupimwa moyo kwa altrasaundi mara kwa mara. Kwa paka wa Scotland mwenye masikio yaliyokunjika, sina la kukushauri ila usimnunue. Wote wametokana na paka mmoja, Susie, aliyepatikana Scotland mwaka 1961. Jeni inayokunja sikio ni hitilafu ya gegedu, ule mfupa laini, na gegedu haiko sikioni tu, iko kwenye kila kiungo. Kila paka mwenye masikio hayo ana kasoro hiyo, wengine wakilemaa mapema, wengine wakivumilia kimya. GCCF na FIFe hawawaandikishi. Hakuna mfugaji anayeweza kuifanya vizuri biashara hiyo.

Kuhusu malipo: usitume pesa kwa simu kumwekea nafasi paka ambaye hujamwona. Kama mfugaji yuko mbali, omba simu ya video, amshike mtoto pamoja na mama yake na kipande cha karatasi chenye jina lako na tarehe ya siku hiyo. Picha za kuibwa ni nyingi mno mtandaoni. Na usishangae mfugaji wa kweli akikuhoji kuliko unavyomhoji: unaishi gorofa ya ngapi, madirisha yana wavu, nani atamchana manyoya kila siku, ulishawahi kufuga, utamhasi lini. Atakupa mkataba wenye kifungu kwamba ukishindwa, paka arudi kwake, wakati wowote. Kifungu hicho ndicho ninachokitafuta kwanza mtu anaponiletea mkataba niusome.

Siku ya kumchukua, omba chakula alichozoea cha kutosha wiki moja na kiganja cha mchanga wake wa choo, uuchanganye na wa kwako. Mweke katika chumba kimoja mpaka ale na ajisaidie vizuri, ndipo umfungulie nyumba. Toa maua ya yungiyungi (lily) kwenye vyombo vyote vya maua nyumbani, hata chavua yake inaua figo za paka. Akipata homa usimpe panadol hata kipande, maana paka hawezi kuivunjavunja mwilini na kidonge kimoja kinaweza kumuua. Na ndani ya siku tatu za kwanza mlete kwa daktari akiwa na kadi ya chanjo, mkataba na zile karatasi mbili za wazazi.