Dawa za mzio si za muwasho tu
Wengi tumezoea kuamini kwamba dawa za mzio hutuliza chafya na muwasho, basi. Si kweli. Katika maabara, terfenadini, mojawapo ya dawa hizo, imeua seli za melanoma, saratani ya ngozi inayosambaa upesi. Baadhi ya dawa hizi hujikusanya ndani ya lisosomu, vifuko vya seli vinavyomeng'enya taka. Utando wake ukitoboka, vimeng'enya huvujia ndani ya seli, nayo hufa. Inatia moyo sana! Ila hayo ni ya seli za maabara, mara nyingi kwa viwango vikubwa kuliko vya kidonge cha kawaida. Na terfenadini iliondolewa sokoni Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa kuvuruga mapigo ya moyo. Doa linalobadilika umbo au rangi, tafadhali, mwonyeshe daktari. Usilimezee vidonge vya mzio.